Kiti cha Nyuma Uani

Nikiwa shule ya msingi nilimwahidi mama yangu jambo moja, na nilimwahidi mbele ya mashahidi, yaani shangazi zangu wawili na mbuzi: siku nikipata gari, wa kwanza kulipanda atakuwa yeye. Hooyo, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mama, alikuwa akiuza maziwa ya ngamia. Miaka nenda miaka rudi aliyapeleka sokoni Garissa kwa miguu, chombo mgongoni. Baadaye akapata punda, na siku punda alipokataa, ikawa mgongo tena. Baba alitutoka nikiwa sijui hata kufunga viatu. Kwa hiyo ahadi ile haikuwa porojo za mtoto. Kila nilipoleta matokeo mabaya ya mtihani alinikumbusha: "Kwa hesabu hizi, gari mimi nitalisikia likipita."

Gari likaja, alhamdulillahi, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa nimeanza kazi ya ukarani katika ghala moja mjini. Mjomba wangu alipata safari ya kwenda kukaa ng'ambo, akaniachia DX yake nyeupe. Ilikuwa saluni ndogo, bodi imechoka lakini injini inaitika, na inasukumwa na tairi za nyuma. Hilo la tairi za nyuma ndilo lililoniponza.

Hooyo angepanda siku ileile na mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa Wajir, amekwenda kumwangalia dada yake aliyejifungua, na arobaini ilikuwa haijaisha. Badala yake akaja binamu yangu, mtoto wa ami, akitokea Jeddah, amevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

Huko Jeddah, alisema, vijana wanateleza na magari. Hawashindani mbio, wanateleza tu. Pua ya gari inatazama huku, gari lenyewe linakwenda kule kwa ubavu, na dereva ametulia, kiwiko kimetoka dirishani. Alikuwa na kanda ya video. Tuliitazama mpaka picha ikaanza kukwaruza. Wallahi, nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, kazi yangu kusimama ghalani naangalia magunia yakiingia na magunia yakitoka, na hapa namwona mtu wa rika langu anafanya anavyotaka na kitu kizito kuliko ngamia wawili. Nilipagawa, sina neno jingine.

Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtu wa Ukambani aliyekuwa na banda lake nyuma ya soko. Binamu akamweleza. Kwanza difu. Difu ndiyo inayoiruhusu tairi ya nje izunguke zaidi ya ile ya ndani gari linapokata kona. Sisi tukaitaka ichomelewe, tairi zote mbili zizunguke pamoja kwa lazima, ili kona ikija mkia usiwe na hiari ila kutoka. Fundi akavua miwani yake ya kazi akanitazama.

"Kijana," akasema, "watu huniletea gari limeharibika nilitengeneze. Wewe umeniletea zima."

"Choma, fundi."

"Nichome?"

"Choma!"

Akachoma. Springi za mbele zikakatwa kidogo. Breki ya mkono ikaondolewa jino lake la kushikilia, ivutike na kuachia upesi. Tairi za nyuma tukaweka kipara. Kisha tukaanza kupunguza uzito, maana binamu alisema uzito ndio adui. Kikatoka kiti cha nyuma, kikatoka kiti cha abiria cha mbele, kikatoka kifuniko cha buti, na lile bati linalotenga buti na viti likakatwa. Ukisimama nyuma ya gari ukainama, unaona moja kwa moja mpaka kwenye dashibodi. Kikabaki kiti kimoja tu, changu.

Siku hooyo aliposhuka kwenye lori la Wajir, vumbi tupu mpaka kope, fundi alikuwa nyumbani kwetu, mtaa wa Waberi, amelala chini ya gari anakaza ekzosi. Hooyo aliweka mzigo chini, akachungulia ndani ya gari upande huu, akazunguka akachungulia upande wa pili. Akamsemesha fundi kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe fundi. Kiti wabi?"

"Muulize mwanao, mama."

"Mimi nakaa wabi? Juu ya kichwa ya dereva?"

Fundi akacheka huko chini mpaka spana ikamwanguka. Mimi sikucheka. Hooyo akanigeukia, akasema kwa lugha yetu, polepole: "Uliniahidi gari. Umeniletea karai." Nikamwambia atandikiwe godoro nyuma, nimzungushe mjini. Akasema yeye si gunia la sukari, hakai chini. Kiti kikirudi, atapanda.

Kile kiti cha nyuma tulikuwa tumekitupa kando ya ukuta. Alikipangusa, akakiburuta hadi chini ya mwarobaini uani, akakaa upande wa kulia. Tangu siku ile hapo ndipo pakawa mahali pake. Hapo alichambua mchele, hapo alipokea wageni, hapo alivuta tasbihi baada ya Alasiri. Nikirudi kazini ananipokea kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Nimekaa kwenye gari lako tangu asubuhi, halijanifikisha popote!" Na shangazi zangu wanaangua kicheko, hao mashahidi.

Na kuteleza kwenyewe je? Usiniulize. Nje ya Waberi palikuwa na uwanda mpana wa mchanga na vumbi jekundu, na kila Ijumaa jioni tulikwenda huko. Nikikata usukani, gari linanyooka mbele kana kwamba sikusema kitu. Nikivuta breki ya mkono, linazunguka zima zima, linazima, na vumbi lote linaingia kwa nyuma kusiko na kifuniko. Binamu anapiga makofi kwa mbali, anapiga kelele: "Usiogope mkia! Mkia ukitoka, tazama unakotaka kwenda, mikono itafuata!" Nikatazama, mikono haikufuata. Mbuzi wakatuzoea, hawakimbii tena.

Kisha binamu akapata safari, kama walivyopata wote isipokuwa mimi. Akaenda Nairobi, na kutoka Nairobi akavuka. Akaniacha na gari lisilokwenda kwa ubavu wala lisilokata kona ya kawaida bila tairi kulia kwenye lami na kurukaruka. Nikasema basi, yameisha. Wiki hiyo narudisha viti, nampandisha hooyo, natimiza ahadi yangu.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa natafuta bolti. Akaingia ami yangu, kaka mkubwa wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia mazishi ya mtaa wetu. Mzee mmoja wa nyumba ya tatu alikuwa amefariki. Kwetu maiti hangojeshwi, anatakiwa ardhini siku hiyohiyo, na makaburi yako nje ya mji. Pikapu iliyokuwa ikibeba jeneza ilikuwa imekwenda Hagadera na bidhaa za watu. Ami akalizunguka gari langu, akainama nyuma, akachungulia mpaka kwenye dashibodi.

"Subhanallah," akasema. "Ni kama limetengenezwa kwa kazi hii."

Ningesema nini? Ningemwambia, hapana, ami, hili ni la kuteleza? Jeneza likaingia kwa nyuma bila kugusa kitu, upande wa kichwa ukafika hapo kilipokuwa kiti cha abiria, karibu na gia. Watu wawili wakachutama pembeni kulishikilia. Kila nilipobadilisha gia, kiganja changu kiligusa kitambaa cha jeneza. Nilikwenda mwendo wa jongoo njia nzima, jasho linanitiririka.

Na wakapenda! Hilo ndilo lililonikata maini. Kwenye pikapu maiti anapigwa jua na vumbi na wafiwa wanaona uchungu; kwangu kuna paa, kuna kivuli, na gari liko chini, halihitaji watu wa kunyanyua juu. Wiki iliyofuata wakaja tena. Kisha wakaja kutoka mtaa wa pili. Mwenye pikapu akashukuru Mungu, akajitafutia kazi nyingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nilijaribu kukasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Nilimwambia ami, "Hili gari ni langu, nataka kurudisha viti, mama yangu hajalipanda hata siku moja!" Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akatengeneza kofia yake. "Magari ya kupeleka watu sokoni yako mangapi mjini?" akaniuliza. "Ya kuwapeleka kule?" Akagonga paa la gari kwa kiganja. "Thawabu imekufuata mpaka uani kwako, wewe unaifukuza kwa spana." Haya, mjibu mtu kama huyo!

Ikawa nikisimama mbele ya nyumba ya mtu kusalimia tu, ndani wanaulizana nani amekufa. Rafiki zangu wakakataa lifti. Kazini niliegesha mbali, kwa sababu mwenye ghala alisema nawatia wateja baridi. Hooyo peke yake ndiye hakuliogopa. Kila niliporudi kutoka makaburini alikuwa tayari amesimama na ndoo. Aliosha sakafu ya gari kwa mikono yake, halafu akatia makaa kwenye chetezo, akaweka uunsi, ule ubani wetu mzito, akakiweka katikati ya gari akafunga milango. Kwa kuwa nyuma palikuwa wazi alipaziba kwa shuka. Moshi ukijaa anarudi kwenye kiti chake chini ya mwarobaini. Akaanza pia kusuka mkeka wa ukindu, na siku moja nikamkuta anapima kwa shubiri sakafu ya gari langu.

"Wa nini, hooyo?"

"Wageni wako wanalala kwenye bati tupu. Huoni aibu?"

Nikaona nimwibe mwenyewe, nimpandishe kabla dunia haijaamka. Ijumaa moja asubuhi nilikibeba kiti kutoka uani, nikakirudisha garini. Bolti mbili zilikaa, nyingine mbili zikakataa, nikasema potelea mbali. Nikamwambia leo nakupeleka mtoni ukaone maji, halafu sokoni wakuone. Hakubisha. Aliingia ndani akakaa muda, akatoka amevaa dira mpya, lile gauni letu refu la sherehe, na shali iliyokuwa sandukuni tangu sikukuu. Alikuwa amepaka hina vidoleni. Yaani alikuwa anangoja, mwanamke yule, miezi yote ya kejeli alikuwa anangoja!

Akaweka mguu mmoja ndani. Mkono wake uko begani kwangu, mguu mmoja uko garini, na ami akaingia getini.

Alikuwa amefariki bibi mmoja, muuza maziwa, aliyekaa na hooyo ubavu kwa ubavu sokoni tangu mimi sijazaliwa. Ami aliona kiti, akaona hina, akainamisha macho. Nadhani siku ile hata yeye angeniachia. Lakini hooyo aliutoa mguu.

"Hooyo, keti," nikamwambia. "Watatafuta gari jingine. Keti, tafadhali."

"Yule ametembea kuliko mimi," akasema. "Mwenye haraka apite kwanza. Mimi sina haraka."

Akashika upande mmoja wa kiti mwenyewe, na dira yake mpya, tukakitoa. Nilikuwa nalia mbele ya ami yangu, sikujali. Kisha akauleta mkeka wake, sasa ulikuwa umekamilika, akautandika garini, ukakaa sawasawa kutoka buti hadi kwenye gia.

Baada ya hapo kiti hakikurudi garini. Nilisema wiki ijayo, na wiki ijayo kukawa na mtu mwingine. Garissa watu hawakuwa wanakufa zaidi kuliko kwingine, ila kila aliyekufa alipita kwetu.

Aliondoka msimu wa kiangazi, mchana, baada ya Adhuhuri. Hakuugua. Nilikuwa ghalani. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, tasbihi mkononi, na shangazi akadhani amesinzia, akamfunika miguu kwa shali asisumbuliwe na nzi. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumwingiza ndani, na ndoo za maji zilikuwa zinapita.

Hakuna aliyeniuliza ufunguo. Ami alisimama karibu na gari, mikono nyuma. Nilifungua mlango mwenyewe, nikaunyoosha mkeka. Jeneza lilitoka msikitini, likaingia kwa nyuma kama yalivyoingia mengine yote, na upande wa kichwa ukafika pale pa kiti cha abiria. Basi hooyo akakaa mbele, karibu na mimi. Nikawasha gari.

Kuosha na sala vilikuwa vimechukua muda, jua limeanza kuinama, na kwetu hatuziki jua likiwa linatua. Ami, aliyekuwa amechutama nyuma ameshika jeneza, akasema, "Kaza mwendo, mwanangu." Nikakaza. Nilitia gia ya tatu, kiganja kikagusa kitambaa, nikakiacha hapo kidogo.

Njia ya makaburini inaiacha lami kwa kona ndefu ya kushoto, yote mchanga mlaini. Nimeipita siku zote kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa ajili ya difu ile. Siku ile sikupunguza, nilikuwa sioni vizuri. Nikakata usukani, na mkia ukatoka.

Ulitoka polepole, bila kishindo. Nilihisi nyuma yote inanizunguka kwa ubavu na mimi na hooyo tumo ndani yake. Nikasikia ami anaita jina la Mungu. Sikugusa breki. Mkia ukitoka, tazama unakotaka kwenda. Nami nikatazama mbele, na nilikokuwa nakwenda sikukutaka. Mikono ikafuata. Ikarudisha usukani kidogo, ikangoja, ikarudisha tena, na gari likaikata kona nzima kwa ubavu, ndefu vile, laini vile, vumbi limesimama pembeni, mpaka likanyooka lenyewe kwenye njia ya makaburi. Nilichokitafuta Ijumaa zote zile pale uwandani, nilikipata hapo. Jeneza halikusogea hata kidole. Nilitaka kusimamisha gari nipige kelele, na sikujua kelele ya namna gani.

Tukamzika. Mimi ndiye niliyeshuka kumpokea kaburini. Tulipokuwa tunafuta mikono ami akaniambia, "Umemwendesha vizuri. Hata pale kwenye mchanga hakutikisika." Nikamwambia ahsante, ami.

Nyumbani uani kulikuwa kumejaa watu, chai inapita, shangazi wanalia jikoni. Niliegesha mahali pa siku zote. Nikasimama karibu na gari kwa muda, kama nilivyozoea kusimama, mpaka nikafahamu kwamba nangoja ndoo. Nikaenda kuichota mimi. Niliosha sakafu, nikakung'uta mkeka nikauanika ukutani. Makaa yalinishinda kuwasha. Nilipuliza mpaka macho yakawaka, yakatoa moshi yakazima. Nikayaacha.

Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kwenye madebe, kwenye kizingiti, lakini kile kiti cha nyuma chini ya mwarobaini hakikuwa na mtu. Upande wa kulia kilikuwa kimebonyea. Nikakaa upande wa kushoto. Nikakaa hapo mpaka adhana ya Magharibi ikaisha na watu wakaondoka kwenda kusali, na gari langu halikunifikisha popote.